Fahamu: Joe Armstrong na programu inayoruhusiwa kufa

Ujumbe wako wa WhatsApp hupitia seva zinazoendeshwa kwa Erlang, lugha ya kompyuta aliyoibuni Mwingereza Joe Armstrong na wenzake katika maabara ya kampuni ya mitambo ya simu ya Ericsson, Uswidi, kuanzia 1986.

Mtambo wa kuunganisha simu hauzimwi ili urekebishwe. Watu wanaongea usiku na mchana. Kwa hiyo katika Erlang kila simu ilipewa kijiprogramu chake, kisichogusa kumbukumbu ya kingine. Kikipata hitilafu, kinaachwa kife, kijiprogramu kinachokisimamia kinaanzisha kingine papo hapo, na mazungumzo ya wengine hayakatiki. Kwangu, huo ndio ubunifu mkubwa wa Armstrong: kukubali kwamba makosa lazima yatokee.

Mwaka 1998 Erlang ilitolewa bure kwa umma. Armstrong alifariki Aprili 2019.