Kasha la Bibi Kabla ya Kupigwa Msasa

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, na za Lamu, Malindi na Vanga, chumba cha ndani hakikosi kasha. Limekaa juu ya miguu yake mifupi, limefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa pamewekwa redio, dawa za presha na mkoba wa mjukuu wa kwendea madrasa. Shaba yake imeingia weusi, kifuniko kimepinda kidogo, na ufunguo wake haujulikani ulipo. Siku moja mwenye nyumba hulitazama, akasema: hili ni kasha la bibi, haifai kuliacha hivi, naliitiwe fundi.

Katika miezi ya karibuni tumeletewa swali hili mara tatu, na mara zote tatu walioliuliza ni akina mama. Mmoja ataka kulitengeneza kasha ili mwanawe wa kike aingie nalo nyumbani kwa mumewe, kama walivyoingia nayo mabibi zake. Mwingine ameambiwa na fundi kwamba dawa ni kulichubua lote kwa mashine na kulipaka vanishi ya kung'ara. Wa tatu alitaka kujua tu kama inajuzu kutumia spiriti. Tumeona tuwajibu pamoja, kwa sababu jambo lenyewe lina pande mbili, upande wa fundi na upande wa sharia, na wa sharia ndio hutangulia.

Kwanza tulijue kasha lenyewe. Mengi ya makasha haya yalikuja na majahazi ya msimu kutoka Surat, Bombay na pwani ya Malabar, na mengine yaliundwa na mafundi wa pwani yetu hii. Yale ya Bara Hindi aghalabu ni ya msaji, mti mzito wenye mafuta yake wenyewe, ambao mchwa huuogopa. Juu ya mbao hizo pakatiwa njumu: misumari ya shaba yenye vichwa vya mviringo, iliyopangwa kwa mistari na maua, pamoja na mabamba ya shaba yaliyokatwa kwa mkono. Chini huwa na droo mbili au tatu, na ndani, upande mmoja, kuna kijisanduku chenye kifuniko chake, ambacho mara nyingi nyuma yake au chini yake pamefichwa mahali pa siri. Bibi mmoja wa Kiingereza, Sheila Unwin, aliyeishi Afrika Mashariki, aliyaandikia makasha haya kitabu kizima, The Arab Chest, kilichotoka mwaka 2006. Wageni wanayaandikia vitabu, nasi wenyewe tunayapaka rangi ya mlango.

Kwa mabibi zetu, kasha halikuwa pambo. Humo ndimo mlimokaa leso mpya ambazo hazijakatwa, dhahabu, udi, chupa ya halwaridi, na hati. Ufunguo ulifungwa kwenye pindo la leso, na pindo halikufunguliwa na mtu mwingine. Mume hakuwa na haki ya kulifungua bila idhini, na hili si ada ya pwani pekee bali ni hukumu ya dini: mahari ya mwanamke ni yake, alichorithi ni chake, na alichopewa zawadi ni chake. Ulaya wanawake walioolewa walipokuwa bado wanapigania haki ya kumiliki mali kwa majina yao, bibi wa Lamu alikuwa tayari na kasha na ufunguo.

Hapo ndipo mzizi wa neno letu. Ikiwa kasha lilikuwa mali ya bibi peke yake, basi alipofariki likawa mali ya warithi wake wote, si ya yule ambaye chumbani mwake limebakia. Aya ya 7 ya Suratun Nisaa imeweka wazi kwamba wanaume wana fungu lao na wanawake wana fungu lao katika wanachokiacha wazazi na jamaa wa karibu, kiwe kichache au kiwe kingi. Watu wetu huiheshimu aya hii wakati wa kugawa nyumba na shamba. Ikifika zamu ya vyombo vya ndani, makasha, vitanda, masinia na mabuli, mwenye mkono mwepesi huchukua, na mwenye haya hunyamaza.

Tunaijua familia moja ambayo kasha liliifundisha fiqhi ya mirathi vizuri zaidi kuliko darsa zetu za baada ya Alasiri. Bibi alifariki akaacha mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Mumewe alikwisha kumtangulia. Mirathi haikugawanywa. Walisema, sisi ni ndugu, haraka ya nini? Baada ya miaka minne yule mtoto wa kiume naye akafariki, akaacha mjane na watoto watatu wadogo, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Muda si mrefu binti mkubwa wa bibi akaposwa mwanawe, akataka kulitengeneza kasha kwa ajili ya harusi. Hoja yake ilikuwa kwamba marehemu mama yake alisema, "Kasha hili ni la mjukuu wangu huyu." Mdogo wake akasema alilolisikia yeye ni, "Mpe alitumie." Mjane hakusema neno, ila alionekana akilia jikoni.

Tulipoitwa, tuliuliza kwanza: je, marehemu alimkabidhi mjukuu kasha hilo wakati wa uhai wake? Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hiba haitimii kwa maneno pekee. Lazima kitu kikabidhiwe kwa idhini ya mtoaji na kiingie mikononi mwa mpewa. Kasha lilibaki chumbani mwa bibi na ufunguo ukabaki kwenye pindo lake, kwa hiyo hiba haikuwapo. Tukauliza, basi ulikuwa wasia? Mjukuu wa binti, pakiwa na watoto, si mrithi, na kumwusia yasiyozidi theluthi ya mali kunajuzu. Lakini wasia nao wataka uthibitisho, na hapa masikio mawili yalisikia maneno mawili.

Kasha likarudi katika mirathi. Nusu yake ilikuwa ya yule mtoto wa kiume, na kila binti robo. Ile nusu, kwa kuwa mwenyewe amefariki, ikawa ya mjane na mayatima: mjane thumni ya nusu hiyo, yaani sehemu 1 katika 16 ya kasha zima, na watoto sehemu 7 katika 16. Binti mkubwa aliinamisha kichwa. Hakuwa mdhalimu, hakuwahi tu kulihesabu kasha kwa namna hiyo. Ndugu yake akamsamehe robo yake kwa ridhaa. Mjane angeweza kusamehe lake pia, na alitaka. Ila fungu la mayatima hakuna wa kulisamehe, si mama yao, si shangazi yao, si sheikh, mpaka wenyewe wabaleghe na wawe na akili ya kutunza mali.

Wakaitwa watu wawili wajuao bei za vyombo vya kale, wakalithamini kasha kama lilivyo, kabla fundi hajaligusa. Hili ni la muhimu. Likishatengenezwa, thamani hupanda, na ugomvi mpya huzaliwa juu ya nani alilipia polishi na nani afaidike nayo. Binti mkubwa akalipa mafungu ya mjane na ya watoto kwa ukamilifu, na fedha za watoto zikawekwa kwa jina lao chini ya uangalizi uliokubaliwa mbele ya kadhi. Mahakama za Kadhi zimetajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010, na mirathi ya Waislamu ni katika kazi zao. Hakuna aibu kwenda huko kwa ajili ya kasha.

Kisha fundi akaanza kazi, na chini ya kile kijisanduku cha ndani akakuta ubao unaocheza. Chini yake palikuwa na pete mbili za masikio za dhahabu na karatasi iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: deni la shilingi mia tatu na kitu kwa muuza nguo mmoja wa mtaani. Pete zikaingia katika mirathi. Deni lilikuwa na haki ya kutangulia mirathi, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka alipiwe. Muuza nguo naye alikwisha kufariki, wakatafutwa warithi wake wakapatikana, wakalipwa, na wale mabinti wawili wakaongeza kitu kutoka mifukoni mwao kwa hiari. Kwa hiyo kabla ya msasa, fungueni kila kijisanduku na mpapase kila ubao, na mkikuta karatasi zenye aya au jina la Mwenyezi Mungu, ziwekwe mahali pa heshima, zisikusanywe na vumbi la mbao.

Sasa tuje kwa fundi. Mashine ya msasa isilikaribie kasha la njumu. Vichwa vya misumari vitasagwa, mbao kati yake zitabonyea, na ile rangi ya ndani iliyojengwa na mikono ya watu wa vizazi vitatu itatoweka kwa nusu saa. Mara nyingi kinachoonekana kuwa ubovu ni uchafu tu: moshi wa ubani, mafuta ya mikono, vumbi na chumvi ya bahari. Anzeni kwa brashi laini na kavu. Kisha kitambaa kilichokamuliwa sana, chenye sabuni kidogo isiyo kali, mkikijaribu kwanza nyuma ya kasha. Futeni na mkaushe papo hapo. Maji yasituame kwenye maungio.

Mkiona unga mpya, mweupe au wa kahawia, chini ya kasha, mti umebunguliwa na dumuzi bado wamo. Matundu ya zamani yasiyotoa unga hayadhuru. Fundi hutia dawa ya wadudu tundu baada ya tundu kwa sindano, naye avae glavu, na kasha likae barazani siku kadhaa, mbali na watoto na vyakula. Msilianike juani: mbao zitapasuka na kifuniko kitazidi kupinda.

Kuhusu shaba, tunajua kuwa mama zetu husugua masinia kwa ndimu na chumvi, au kwa ukwaju, na masinia hung'aa. Kwa kasha haifai. Ile tindikali huingia chini ya bamba, ikala shaba kwa nyuma, na mti ukabaki na doa la kijani lisilotoka. Futeni kwa kitambaa kikavu laini na muiachie shaba wekundu wake wa uzee. Msumari ulioanguka urudishwe mahali pake. Uliopotea, utafutwe wa shaba. Wa chuma utashika kutu kwa hewa yetu hii kabla ya harusi ya pili. Kitasa kikaidi kitiwe tone la mafuta ya cherehani.

Kulijua paka la zamani ni rahisi. Tia spiriti kidogo kwenye pamba, gusa mahali pasipoonekana. Likilainika na kunata, ni polishi ya lakiri, na fundi hodari aweza kuifufua kwa kuongeza tabaka jipya jepesi bila kuchubua chochote. Lisipolainika, huenda ni vanishi ya juzi juzi, na hapo ashauriwe fundi mwenye uzoefu wa vitu vya kale. Ndani ya kasha msipake kitu kabisa. Mti wa ndani wataka kupumua, na nguo zitashika harufu ya vanishi badala ya udi.

Ama spiriti, wanavyuoni wamekhitilafiana. Wengi wa zama hizi wanaona kuwa spiriti ya viwandani, isiyotengenezwa ili kunywewa, haina ubaya kutumiwa kwa kazi ya nje kama hii, nayo huruka hewani isibakie. Atakaye kujitoa katika khitilafu atumie nta ya nyuki iliyolainishwa, aipake nyembamba na kuisugua kwa kitambaa cha pamba. Mng'aro wake ni wa upole, nasi twaupenda zaidi, ingawa mafundi hawaupendi kwa sababu hauwaletei fedha nyingi.

Wapo pia wanaogonga mlango na kutoa bei kabla ya salamu kukamilika. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kihamishikacho, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, na hakitolewi nje bila kibali. Makasha mengi yetu yanaingia humo. Na anayeuza bila ya warithi wenzake ameuza fungu la watu.

Polishi ifanywe wakati wa kaskazi. Mvua za mwaka zikianza, hewa hujaa maji na lakiri huota ukungu mweupe usiofutika. Fundi akisema atamaliza kwa siku moja, tafuteni mwingine. Tabaka jembamba kwa kitambaa kilichofungwa pamba, likauke siku nzima, kisha jingine. Na usiku kifuniko kiachwe wazi, chumba kifungwe, paka akiwa nje.