Binti Akiuchukia Mwili Wake, Tumpeleke kwa Nani?

Usiku wa kupamba, bibi harusi hutolewa mbele ya wanawake wenzake, akaketishwa jukwaani ameinamisha macho, nasi wageni tukamtazama. Ndiyo desturi yetu, nayo ni njema. Lakini usiku mmoja mwaka jana, katika ukumbi mmoja hapa Mombasa, mama mmoja wa safu yetu alinong'ona kwa sauti iliyosikika safu tatu mbele: "Masikini, mbona wamemtoa mweusi hivi? Na huo wembamba!" Wanawake wakacheka. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulicheka pia. Kando yetu alikuwa ameketi binti wa miaka 19, mdogo wa bibi harusi, rangi moja na dadake, umbo moja na dadake. Yeye hakucheka.

Baada ya miezi minne mamake alikuja kwetu akilia. Binti alikuwa hatoki chumbani ila kwa lazima, na chuoni alikuwa amekosa mihula miwili ya mitihani midogo. Chini ya kitanda mama alikuta vikopo vya krimu visivyo na jina la kiwanda, na vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti. Tunayaandika haya kwa idhini ya mama na ya binti mwenyewe, na majina yao tunayahifadhi.

Tuanze na vile vilivyokuwa chini ya kitanda, kwa kuwa huenda vimo katika nyumba nyingine pia. Krimu ilikuwa ya kujichubua. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi tangu mwaka 1998, lakini mkorogo ungali unauzwa vichochoroni, na anayeununua hajui kilichomo. Zebaki huharibu figo, na mama mjamzito humpitishia mwanawe aliye tumboni. Vidonge vilikuwa deksamethasoni, ambayo mkononi mwa daktari ni dawa ya haki kabisa, hutuliza uvimbe na pumu kali. Wasichana huimeza ili wanenepe. Uso hufura ukawa mviringo, na watu wakasifu, "Mashallah, umependeza". Huku ndani sukari na presha zikipanda na mifupa ikidhoofika. Jambo moja kila mzazi alijue: akigundua mwanawe amekuwa akimeza vidonge hivi kwa muda mrefu, asivitupe chooni kwa hasira siku hiyo hiyo. Mwili huwa umezoea kutotengeneza homoni yake wenyewe, na kuviacha ghafla kwaweza kumwangusha mtu. Ampeleke kwa daktari, avipunguze hatua kwa hatua.

Bibi zetu nao walijipamba, tena sana. Singo, liwa, asumini, hina. Lakini singo ilikusudiwa kumsafisha bibi harusi na kumtia harufu nzuri. Alitoka ndani akiwa na rangi ile ile aliyoingia nayo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mama alifanya ambayo wengi wetu tungefanya. Kwanza aligomba. Kisha akamwambia binti kuwa yu mzuri, wala hana kasoro yoyote, akamwambia tena na tena, na kila alipomwambia binti alizidi kukasirika, kwa kuwa aliona mamake anamdanganya kwa huruma. Kisha akampeleka kusomewa. Shehe alimsomea, akamwombea dua, halafu akamwita mama kando akamwambia: "Msiache kumsomea. Na kesho mtafutieni mshauri nasaha." Tunamshukuru shehe huyu kwa ile "na" yake. Wako wanaoifanya "au", na familia zikapoteza mwaka mzima zikichagua.

Mama aliogopa neno moja tu, nalo ni kichaa. Watasema mwanangu kichaa, nani atakuja kuposa? Woga huu tunauheshimu, maana mitaa yetu ni midogo na midomo ni mingi. Lakini elimu hii si mgeni katika umma wetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba fikra zenyewe zaweza kutibiwa. Alizungumzia hasira, huzuni, khofu na wasiwasi unaomrudia mtu bila kumpa nafasi. Alishauri hata mtu mzima wa afya ajiwekee akiba ya fikra njema kabla ya siku ya shida, kama anavyoweka dawa nyumbani. Na binti yetu alikuwa na nini, kama si huo wasiwasi unaorudi?

Daktari wa Kiitalia, Enrico Morselli, aliwaandikia wenzake kuhusu maradhi haya karne ya kumi na tisa: mtu anaamini ana ubaya wa umbo ambao wengine hawauoni, au wanaona kidogo tu, na imani hiyo inamla saa nzima nzima za siku. Si kila anayelalamika juu ya pua yake ana maradhi. Dalili ni pale maisha yanapofinywa: haendi masomoni, hali na wenzake, hujitazama kiooni asimalize au hufunika vioo vyote. Nyingine twaomba mama zetu waitazame kwa makini: binti anayefunga kila siku, akasema analipa kadhaa, kisha sunna, kisha nadhiri, huku anakonda. Saumu ni ibada, na kwa sababu hiyo hasa hakuna anayethubutu kumwuliza. Aulizwe kwa upole. Dini iliyofaridhisha saumu ndiyo iliyomruhusu mgonjwa kula.

Wavulana nao wamo, na unga wao wa kujaza misuli; juu yao tutaandika siku nyingine.

Sasa, hufanyika nini ndani ya chumba cha mshauri? Mama alidhani mwanawe atahubiriwa. Mshauri, mwanamke wa makamo, kwanza aliwarudisha hospitali, binti apimwe sukari, presha na figo. Kisha akampa daftari. Kila alipokwenda kiooni aandike saa, wazo lililomjia, na alilolifanya baada yake. Siku ya kwanza alikwenda mara thelathini na moja. Hakukatazwa, walikubaliana kupunguza kidogo kidogo. Halafu yakaja majaribio. Nenda dukani bila poda, akaambiwa, ila kabla ya kwenda andika unachodhani kitatokea. Akaandika: watu wote watanitazama. Aliporudi akaandika kilichotokea: muuza duka alimwuliza kama ana chenji. Njia hii ya kulipima wazo badala ya kubishana nalo iliendelezwa na daktari wa Kimarekani, Aaron Beck, tangu miaka ya 1960, na ni miongoni mwa tiba zilizothibitika kwa maradhi haya. Wengine huhitaji na dawa, na hilo huamuliwa na daktari.

Mshauri ana wajibu wa kutunza siri. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, nayo iliunda bodi ya kuwasajili, mzazi ana haki ya kuuliza, "Umesajiliwa?" bila kuona haya, na ana haki ya kuomba mshauri mwanamke kwa bintiye. Hospitali kubwa za kaunti ndipo pa kuanzia kuulizia, na hapa Mombasa hospitali ya Port Reitz inajulikana kwa huduma za afya ya akili. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, simu 116 hupigwa bure. Mkienda, chukueni vikopo na vidonge mlivyovikuta, daktari avione.

Katika wiki ya tano mshauri aliomba kuonana na mama, na shangazi pia. Aliwauliza ni maneno gani husemwa nyumbani juu ya miili ya watu. Shangazi alijibu kuwa ni mzaha tu. Tulipohadithiwa haya tulimkumbuka Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoutaja ufupi wa Bibi Safiyya, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akamwambia kuwa neno lile lingetiwa baharini lingeyachafua maji yake. Sisi tunaoishi kando ya bahari twajua maji hayo ni mengi kiasi gani.

Mwezi uliopita kulikuwa na walima mtaani. Yule mama wa ukumbini alimshika binti mkono akaanza: "Mwanangu, mbona umekon..." Mamake akamkatiza kwa adabu: "Amekuja kukusalimu, bi mkubwa. Hakuja kupimwa." Pakawa kimya kidogo, kisha sahani za pilau zikaendelea kupita. Binti anasema aliona haya kupita kiasi, na usiku ule alirudi kiooni mara kumi na mbili. Ameyaandika yote daftarini. Miadi yake ni Jumanne.