Maumivu ya Kiwiko Hutibika Bila Upasuaji

Fundi cherehani wa Kariakoo anayekata vitambaa kwa mkasi kutwa nzima, au mchukuzi wa marobota, aweza kuumwa upande wa nje wa kiwiko hata anaponyanyua kikombe cha chai. Maradhi hayo huitwa kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Kano inayounganisha misuli ya kunyanyulia kiganja na mfupa wa kiwiko huwa imechoshwa na kazi ileile.

Anayelipwa kwa siku huomba sindano ya steroidi ili awahi kazini. Nafuu huja upesi, lakini miezi kadhaa baadaye hali yake mara nyingi huwa mbaya kuliko ya aliyevumilia bila sindano. Kinachoimarisha kano ni mazoezi. Mkono hulazwa mezani, kiganja kikitazama chini na kupita ukingo, kikiwa kimeshika chupa ya maji ya nusu lita. Huinuliwa kwa msaada wa mkono wa pili, kisha hushushwa polepole. Kuacha kazi kabisa si lazima, ila mzigo ubebwe karibu na mwili, viganja vikitazama juu.

Kupona huchukua miezi, pengine mwaka. Wanaofikia upasuaji ni wachache. Mwenye ganzi ya vidole, uvimbe au homa asisubiri, afike Hospitali ya Mnazi Mmoja au Amana.