Kuruka Chai, Kuongeza Kilo

Binti wa kidato cha pili akiamua kujipunguza, cha kwanza kuachwa ni chai ya asubuhi. Hakuna wa kumgombeza: yeye anawahi namba, mama ana haraka zake, na hesabu yenyewe inaonekana haina kasoro. Chakula kikipungua, mwili nao utapungua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wakiongozwa na Dianne Neumark-Sztainer, waliipima hesabu hiyo. Katika mradi wao, Project EAT, waliwahoji wanafunzi wa sekondari mwishoni mwa miaka ya 1990, wakawarudia baada ya miaka 5. Waliokuwa wakijinyima na kuruka milo walikuwa na uwezekano wa karibu mara 3 wa kuwa na uzito uliopitiliza, wakilinganishwa na wenzao wasiojihangaisha na mambo hayo. Utasema labda hao walikuwa wanene tangu awali. Watafiti waliliwazia hilo, wakaujumuisha uzito wa mwanzo kwenye hesabu, tofauti haikufutika. Kwa wasichana, sehemu ya maelezo ilikuwa vitu viwili: wanaojinyima walikunywa chai ya asubuhi mara chache zaidi, na walikuwa wepesi wa kula kwa pupa baadaye.

Pupa hiyo si ulafi. Mafuta ya mwilini hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mtu akijinyima, leptini hushuka upesi kuliko mafuta yenyewe. Ubongo unaposikia ghala linakauka, huchochea njaa na kubana matumizi ya nguvu.

Ndiyo maana kengele ya saa nne ikilia, aliyekuja na tumbo tupu hatafuti ndizi mbivu. Ni maandazi mawili, pakiti ya ubuyu na soda. Chupa ya mililita 350 peke yake ina sukari ya vijiko vya chai kama 9. Usiku, nyumba ikitulia, anakomba sufuria ya wali.

Na kilo alizoanza kuzikimbia, mara nyingi zilikuwa haki yake. Katika kilele cha kubalehe msichana hurefuka karibu sentimita 8 kwa mwaka, nyonga zinapanuka, mafuta yanaongezeka. Mwili unafuata ratiba yake. Hedhi nayo inadai madini ya chuma: wataalamu wa Marekani wanapendekeza miligramu 15 kwa siku kwa msichana wa miaka 14 hadi 18, na 11 kwa mvulana. Maharage, dagaa na mchicha vinasaidia, hasa vikifuatwa na chungwa. Chai ya rangi, kwa bahati mbaya, huzuia chuma cha mboga kufyonzwa, kwa hiyo ni bora isinywewe papo hapo na mlo huo.

Timu ya Minnesota iligundua jambo jingine, nalo linatuhusu sisi wakubwa tunaopokea wageni kwa “eh, umenenepa!”: wasichana waliotaniwa nyumbani kuhusu miili yao ndio walioelekea zaidi kula kwa pupa.