Neno Lililoanza Kama Kifuniko

Katika zoezi moja la wanafunzi wangu wa tafsiri niliweka sentensi ya kisheria kutoka Marekani. Ilisema kwamba polisi fulani alitenda "under color of law". Kijana mmoja mwenye Kiswahili safi kabisa akaandika kwamba polisi alitenda "chini ya rangi ya sheria". Ukifungua kamusi utaona hakukosea: color ni rangi, law ni sheria. Lakini umsomee sentensi hiyo mama wa Kikongomani anayeishi Marekani kama mkimbizi, ambaye mwanawe amepigwa kituoni na anataka kujua haki yake. Atakuuliza sheria ina rangi gani, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Waingereza wenyewe hawakuzaliwa na neno hili color. La kwao la zamani ni lile linaloandikwa hue siku hizi, ambalo lilibeba umbo na sura ya kitu pamoja na rangi yake. Color liliwafikia kupitia Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka nchi yao mwaka 1066, na Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini. Huko Kilatini, wanaisimu wanalihusisha na kitenzi celare, yaani kuficha. Basi color kwa asili yake ni kile kinachokaa juu ya kitu na kukifunika. Kuhusu tahajia sina mengi. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ina colour, ya Noah Webster ya mwaka 1828 ina color. Wapo wanaomlaumu Webster kwa kulikata neno mkia, ilhali Warumi waliliandika hivyohivyo bila u.

Rangi yetu ilipita njia nyingine, ikatujia kutoka Kiajemi, na tabia yake si ileile. Kwetu rangi ni sura ya kitu, lakini pia ni kitu chenyewe: kuna kopo la rangi, fundi rangi, rangi ya mdomo na rangi ya kucha. Mwingereza anayetaka kupaka ukuta haendi dukani kununua color. Anahitaji neno jingine. Tazama pia chai ya rangi. Ni ile isiyotiwa maziwa, na inaitwa hivyo kwa sababu rangi ya majani yake inaonekana, hakuna kilichoifunika. Hapo ndipo maneno haya mawili yanapopeana mgongo: rangi yetu ni ya kuonekana, na color yao ilianza kwa kufunika. Mwanafunzi wangu alivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili bila kujua kuna mto katikati.

Maana hiyo ya kifuniko imezeeka katika mazungumzo ya kila siku, lakini katika sheria bado ina nguvu. Marekani iliiandika katika sheria ya haki za raia ya mwaka 1866, kisha katika ile ya mwaka 1871, wakati watumwa walioachiwa huru wakiteswa kusini na watu wenye vyeo. Kesi iliyoifafanua vizuri zaidi ilitoka Chicago. Alfajiri moja ya mwaka 1958 polisi 13 walivunja mlango wa James Monroe, wakamtoa kitandani yeye na mkewe, wakawasimamisha uchi sebuleni, wakapekua kila chumba. Watoto walikuwamo nyumbani. Monroe akapelekwa kituoni, akahojiwa kwa saa 10 kuhusu mauaji, kisha akaachiwa bila shtaka lolote. Polisi wale hawakuwa na hati ya kupekua wala ya kukamata.

Alipowashtaki, ilizuka hoja ambayo juujuu ina mantiki: kama walichofanya kilivunja sheria za jimbo la Illinois, kitasemwaje kuwa kilifanywa chini ya sheria? Mwaka 1961 Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa. Maneno "under color of law" hayadai kwamba sheria iliruhusu tendo. Yanamhusu mtu aliyepewa nguvu na sheria, akaitumia vibaya nguvu hiyohiyo. Mwizi wa kawaida asingeweza kumweka Monroe kituoni saa 10. Waliweza kwa sababu walikuwa polisi.

Sasa tutasemaje kwa Kiswahili? "Kwa kisingizio cha sheria" hakufai, maana kisingizio ni maneno ya kujitetea, na ofisa anaweza asijitetee kwa neno lolote. "Kwa kivuli cha sheria" kunakaribia. Mimi nachagua "kwa mgongo wa mamlaka aliyopewa na sheria". Kila msomaji anajua maana ya mtu kutajirika kwa mgongo wa dini: dini haikumtuma, lakini bila dini asingepata kitu. Ni maneno mengi kuliko ya Kiingereza, na sioni ubaya, kwa kuwa yule mama ataelewa.

Katika matumizi mengine color haisumbui sana. Kwa wingi, jeshini na baharini, ni bendera, na tafsiri iandike bendera. Mtu anayesimulia jambo kwa namna ya kulivutia upande wake huambiwa amelitia color. Hapo wengi hukimbilia "kutia chumvi", lakini chumvi huongeza ukubwa wa habari, na color huipindisha. Afadhali kusema habari imepikwa. Katika matangazo ya michezo ya Marekani, mtangazaji wa color ni yule wa pili, anayeleta visa na uchambuzi wakati mwenzake akifuata mpira. Kwetu huyo ni mchambuzi, basi.

Kazi inarudi kuwa ngumu neno linapowekwa juu ya binadamu. Mwanafunzi anaweza kudhani colored na of color ni kitu kimoja kilichopinduliwa, lakini kwa Mmarekani Mweusi wa leo kuitwa colored ni tusi, na people of color ni jina linalokubalika la wote wasio Wazungu. Chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909, bado kina colored ndani ya jina lake kwa sababu wakati ule lilikuwa neno la heshima. Afrika Kusini neno hilohilo lilifanywa kundi la kiserikali kwa sheria ya mwaka 1950 ya kuandikisha watu, sheria iliyofutwa mwaka 1991, na hadi leo wapo wanaojiita hivyo wenyewe. Nikisoma habari inayowaita wote hao "watu wa rangi", wa Cape Town na wa Chicago, najua mtafsiri hakuuliza ni wapi. Wa Cape Town ningewaita kwa jina lao, Makaladi.

Kuna mtego mwingine, na huu tumejitegea wenyewe. Kiswahili kimezoea kusema "ubaguzi wa rangi" pale Kiingereza kinaposema ubaguzi wa race. Msemo umekaa vizuri vinywani mwetu, nami siupingi. Lakini Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linataja race na colour mbalimbali, na sheria ya haki za raia ya Marekani ya mwaka 1964 inafanya vivyo hivyo. Mtafsiri aliyekwisha kutumia rangi kwa neno la kwanza anabaki mikono mitupu kwa la pili, na mara nyingi huliruka. Kuliruka ni kumnyang'anya mtu haki. Neno la pili linamlinda, kwa mfano, mfanyakazi mweusi tii anayenyimwa kazi na bosi Mweusi mwenzake kwa kuwa bosi anataka walio maji ya kunde wakae mapokezi. Asili yao ni moja, kwa hiyo neno la kwanza halimfikii vizuri. Katika orodha ya namna hiyo naandika "asili" kwanza, kisha "rangi ya ngozi", na siiachi hiyo ngozi hata mhariri akilalamika kwamba nafasi haitoshi.