Kigari au Mbeleko? Chagua kwa Njia Unayopita

Akina mama wenzangu, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wa kike wananiuliza karibu kila mwezi, kliniki na hata kanisani baada ya ibada: “Mama, ninunue kigari cha mtoto?” Kabla sijajibu, niwasimulie aibu yangu mwenyewe.

Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miezi saba, zamu yangu ya kupokea upatu ilifika. Nikaenda kwa muuza mitumba hapa mjini Morogoro nikanunua kigari. Kilikuwa cha bluu, chenye paa la kivuli na maua pembeni. Sikukagua breki. Nilikagua maua. Jumapili iliyofuata nilikwenda nacho kanisani, na kusema kweli nilitaka wenzangu wakione. Baada ya ibada nikasimama uwanjani kuzungumza na wanakwaya, mkono mmoja juu ya kigari. Mkono ukachoka, nikauondoa ili nitengeneze kilemba.

Mnaoujua mji wetu mnajua kwamba upande wa mlimani hakuna uwanja ulio sawa. Kigari kikaanza kuteremka polepole, kisha kwa kasi, kuelekea kwenye mtaro wa maji ya mvua. Nilipiga kelele, miguu ikakataa kukimbia. Aliyekidaka ni bibi mmoja aliyekuwa akipita na ndizi zake kutoka milimani, mjukuu mgongoni. Alitupa kapu, ndizi zikatawanyika, akashika mpini. Mwanangu alikuwa amelala, hakujua lolote.

Nilitaka kumlipa ndizi zake, akakataa. Alisema tu, “Binti yangu, kwetu mlimani mtoto hatumweki mahali ambapo limau linabingirika.”

Maneno hayo sijayasahau mpaka leo, nami ni muuguzi wa miaka mingi.

KIGARI KILIZALIWA WAPI?

Si vibaya kujua chombo kimetoka wapi kabla ya kukileta nyumbani. Kigari chepesi cha kukunja, kile tunachokiona sana kwenye mitumba, kilibuniwa Uingereza mwaka 1965 na Owen Maclaren. Huyu alikuwa mhandisi wa ndege, aliyewahi kushughulikia magurudumu ya ndege za kivita. Alitumia mabomba mepesi ya alumini ili kigari kikunjike kama mwavuli. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaotembea kwenye lami na njia za waenda kwa miguu zilizosakafiwa. Hakikufikiriwa kwa njia ya Kinole wala ya Mgeta wakati wa masika, ambapo udongo unateleza hata kwa mguu mtupu.

Na wakati sisi tunatamani vigari vyao, wao walikuwa wakitazama migongo yetu. Miaka ya 1960 muuguzi Mmarekani, Ann Moore, alifanya kazi ya kujitolea nchini Togo. Aliona akina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni kwa kitambaa, na watoto wametulia. Aliporudi kwao akajaribu kumbeba binti yake vivyo hivyo, na kutokana na hilo kikapatikana kibebeo kilichouzwa Marekani kwa jina la Snugli. Kwa hiyo, dada yangu, usione haya ya mbeleko yako. Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba kigari ni kitu kibaya. Hapo nami nilikosea mara ya pili.

MAMA WA MAPACHA

Miaka kadhaa baada ya tukio lile, alikuja kliniki mama mmoja akisukuma kigari cha viti viwili. Mimi, kwa machungu yangu ya zamani, nikaanza kumhubiria mbele ya wenzake juu ya faida za mbeleko. Alininyamazia mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa upole, “Muuguzi, hawa ni Kulwa na Doto. Nilijifungua kwa upasuaji, mshono bado unauma. Mume wangu yuko safarini, na nyumbani sina mtu. Nimbebe yupi, nimwache yupi?”

Nilikosa la kusema. Nyumba yake ilikuwa sehemu ya tambarare, karibu na barabara ya lami. Kigari kile kilikuwa ndiyo miguu yake. Nilimwomba radhi mbele ya wale wale niliomsemea mbele yao.

Tangu siku hiyo sijibu tena swali la kigari kwa ndiyo au hapana. Nauliza maswali matatu: Unapita njia gani? Mtoto ana umri gani? Na mwili wako wewe mama una hali gani?

NJIA UNAYOPITA

Kwa siku moja, hesabu safari zako: sokoni, kliniki, kanisani, kisimani au bombani, shambani. Kama nyingi ni za lami au udongo ulioshindiliwa, kigari kitakusaidia. Kama nyumba yako iko mlimani, au unapanda ngazi, au unavuka mitaro kwa ubao, utakuwa unambeba mtoto na kigari pia. Nimewahi kutembelea nyumba moja ya milimani nikakuta kigari kizuri kimebeba madumu mawili ya maji. Mwenye nyumba akacheka, akasema, “Mtoto alikikataa, madumu yamekubali.”

Fikiria pia daladala. Je, kigari kinakunjika kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine umemshika mtoto? Kondakta hatakungoja.

UMRI WA MTOTO

Mtoto mchanga shingo yake haijakaza. Wengi hukaza shingo karibu na miezi mitatu au minne, na kukaa wenyewe karibu na miezi sita. Kwa hiyo kigari cha kumketisha mtoto wima hakimfai kabla ya hapo. Kidevu kikianguka kifuani, njia ya hewa hubanwa, na mtoto mdogo hana nguvu ya kujiinua. Kama unataka kigari tangu mwanzo, chagua ambacho kiti chake kinalala sawasawa kama kitanda.

Kwa mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, mahali pake pa kwanza ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, ndiyo ile tunayoiita huduma ya kangaruu. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, mojawapo Tanzania katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ulitangazwa mwaka 2021. Ulihusu watoto wadogo sana, wasiofikia kilo 1.8. Ulionyesha kwamba kuanza huduma hii mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya mwezi wa kwanza kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri watoto wa namna hii waanzishiwe mapema, isipokuwa wale walio mahututi, na wakae kifuani saa nyingi iwezekanavyo, kuanzia 8 hadi 24 kwa siku. Baba naye anaweza kumpokea mama. Hakuna kigari kinachofanya kazi hiyo.

MWILI WA MAMA

Mama aliyefanyiwa upasuaji asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki kama sita, na mbeleko isikandamize mshono. Mwenye maumivu makali ya mgongo au nyonga aseme kliniki, asijikaze kwa kuogopa maneno ya mawifi. Na mama anayenyonyesha asifunge kanga kwa nguvu juu ya matiti, kwani maziwa yanaweza kuziba na titi likavimba.

UKICHAGUA MBELEKO

Kanga au kitenge kiwe kizima, kisichochakaa katikati. Mtoto akae miguu imetanuka na magoti yamekunjwa, kama chura, magoti yakiwa juu kidogo ya makalio au sawa nayo. Kumfunga miguu ikiwa imenyooka na kubanwa pamoja kunaweza kudhuru nyonga zake. Uso uonekane, pua na mdomo visifunikwe, kidevu kisiguse kifua. Mtoto ambaye hajakaza shingo abebwe mbele, mahali unapomwona.

Usipike na mtoto mgongoni. Ukiinama juu ya jiko, mkono wake unafika kwenye sufuria kabla hujajua, na moshi unamwingia kifuani. Na ule mtindo wa kupanda bodaboda mtoto amefungwa mgongoni, jamani, tuuache. Mbeleko haikutengenezwa kuzuia ajali.

UKICHAGUA KIGARI

Wahenga wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usisukumwe na muuzaji. Fanya hivi:

1. Breki. Weka ndani mfuko wa mchele wa kilo kumi, kipeleke mahali penye mteremko kidogo, funga breki, kisha kisukume. Kikisogea, usinunue.

2. Mikanda. Iliyo bora hushika mahali patano: mabega mawili, pande mbili za kiuno, na katikati ya miguu. Vuta kila mmoja kwa nguvu. Kifungio kilichovunjika hakifungwi kwa kamba.

3. Magurudumu. Makubwa yenye mpira huvuka kokoto, madogo ya plastiki hukwama na kukiangusha kigari mbele. Uliza kama fundi baiskeli wa mtaani kwenu anaweza kuyatengeneza.

4. Maungio. Kikifunguliwa, kifuli chake kiingie na kubaki imara. Chunguza kutu na nyufa. Angalia pia mahali vidole vinapoweza kubanwa. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza kurekebisha vigari vipatavyo milioni moja nchini Marekani, baada ya watoto 12 kukatwa ncha za vidole na bawaba. Vigari vya mtumba havina umri ulioandikwa usoni, hivyo mtoto awe mbali unapokunja na kukunjua.

5. Kitambaa. Kiwe cha kuvulika. Kifue kwa sabuni na kukianika juani kabla mtoto hajakitumia.

Ukishanunua, usitundike mfuko wa sokoni kwenye mpini. Siku utakapomtoa mtoto, kigari kitapinduka, na siku nyingine kitapinduka naye akiwemo. Usikifunike kwa blanketi au kitenge kizito kuzuia jua, maana ndani kunakuwa kama tanuri, hasa kwa joto la mjini kwetu mwezi Januari. Tafuta kivuli, na kwa mbu tumia chandarua chepesi. Ukisimama, funga breki, geuza kigari kikae kukingama na mteremko, na mkono usitoke. Mikanda ifungwe hata kama safari ni ya kufika duka la jirani tu.

Kwa wenye familia inayokua, msikimbilie kununua cha pili mtoto mwingine akizaliwa. Mara nyingi mdogo anafaa mbelekoni na mkubwa kigarini, au mkubwa atembee huku ameshika mkono wako. Kigari kilichotunzwa vizuri kinaweza kulea watoto watatu. Na sisi wa vikundi vya kanisa tunaweza kununua kimoja kizuri cha kuazimana, hasa kwa akina mama wa mapacha na waliofanyiwa upasuaji. Upatu wetu ungefanya kazi ya maana.

NENO LA MWISHO

Kigari changu cha bluu sikukitupa. Fundi baiskeli alikitia breki mpya, nikakitumia kwa watoto wawili, barabarani tu. Nilipokwenda kwa mama yangu huko mlimani nilikiacha nyumbani, nikajifunga kanga.

Yule bibi nilimtafuta sokoni Kingalu wiki mbili mfululizo mpaka nikampata. Safari hii alikubali kuuza, nikanunua kapu zima la ndizi bila kupunguziwa bei. Mjukuu wake alikuwa mgongoni, magoti yamekunjwa vizuri, uso uko nje, anaangalia watu. Hakuna aliyemfundisha bibi yule kliniki. Nikamwomba anionyeshe anavyofunga, naye akanifunga mwanangu pale pale katikati ya soko, wateja wakisubiri.

Mungu awape hekima ya kuchagua, na awalinde watoto wenu njiani.