Moteri Zinapolala Swima

Miaka hii, inapowadia tarehe 15 Mei, siku ambayo kwa mapatano ya nchi nne zilizolizunguka Ziwa Tanganyika uvuvi hufungwa hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaa na kukua, mitumbwi ya kijiji chetu cha Swima huvutwa juu ya magogo hadi chini ya miembe, nyavu hukunjwa, na moteri hung'olewa tezini zikabebwa begani hadi nyumbani. Huko huegemezwa nyuma ya mlango, pengine hulazwa kando ya magunia ya mihogo, zingali na maji ya safari ya mwisho tumboni na esansi ya safari ya mwisho kooni, wala hapana aziangaliaye tena kwa miezi mitatu. Mwenye chombo hudhani ameipumzisha mashine yake. Kwa hakika ameiacha iugue.

Nalilishuhudia jambo hili kwa mjomba wangu. Ziwa lilipofunguliwa alikuwa miongoni mwa wa kwanza kushusha chombo majini, akaivuta kamba ya moteri mpaka kiganja kikachubuka, ilhali jirani zake wanampita wakielekea rasi ya Ubwari. Na jioni fundi alipoifungua kabureta juu ya kitambaa kikuukuu, tukaona chini ya kikombe chake utando wa rangi ya asali, unanata kama ulimbo, umeziba tundu ambalo singa ya mkia wa mbuzi ingelipenya kwa shida. Esansi iliyosahauliwa mle ilikuwa imeruka sehemu zake nyepesi, zikasalia zile nzito, zikagandamana. Fundi akalizibua kwa uzi mmoja wa shaba alioutoa katika waya wa taa, asiseme neno mpaka alipomaliza.

"Mzee," akamwambia mjomba kwa adabu, "hii haikuharibika ziwani. Imeharibikia nyumbani."

Kazi ya asubuhi moja ingelitosha kuizuia hasara ile. Pipa lililokatwa hujazwa maji safi ya kijito, mguu wa moteri ukatumbukizwa humo, ikawashwa ingurume polepole mpaka mchanga uliojificha katika njia za maji utoke, na pamoja nao yale maji ya ziwa, ambayo ingawa si ya chumvi kama ya bahari yana magadi yake. Wavuvi huutazama mchirizi mwembamba unaoruka ubavuni, wakasema moteri inakojoa. Ukiwa dhaifu, aghalabu ule mpira unaozunguka ndani ya pampu umechakaa, na hakuna wakati mwema wa kuubadili kama miezi hii ambayo hakuna safari. Kisha, ingali inanguruma, bomba la esansi huchomolewa, ikaachwa inywe iliyobaki hata ijizimie yenyewe kwa kiu, maana hapo kabureta huwa kavu na ulimbo haupati pa kuzaliwa. Buji hufunguliwa, kila silinda ikapewa kijiko cha mafuta mazito, kamba ikavutwa taratibu mara chache ili mafuta yapake kuta zote, buji zikarudishwa. Sharti pia oili ya mguuni imwagwe na kutazamwa: ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha kupita mpira wa kuzuia. Baada ya hayo moteri isimamishwe wima, kama ikaavyo chomboni. Ikilazwa, maji yaliyosalia huweza kurejea silindani na kuzaa kutu.

Mbao nazo jua la kiangazi huzikausha zikaachana, ndiyo sababu ya kuitafutia mitumbwi kivuli, na kutia kalafati upya kabla ya kuishusha.

Jamaa zetu wengi waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakahamia Marekani wamefika katika nchi ambako shughuli hii hufanywa kwa hofu kubwa zaidi. Huko maji yakiganda hutanuka kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, na nguvu hiyo hupasua hata chuma cha injini. Kwa hiyo kabla ya baridi wenye boti za starehe, zenye mabomba na vyoo ndani, huyamwaga maji yote, wakapitisha dawa isiyoganda, aghalabu ya rangi ya waridi, mpaka waione rangi hiyo ikitoka katika kila bomba. Swima haina barafu, na hilo ndilo linalotughafilisha, kwa kuwa kutu hula kimyakimya.

Lakini ziwa letu lenyewe lina ushahidi ulio bora kuliko wa ugenini. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Goetzen karibu na mlango wa mto Malagarasi, ili isitekwe. Na kabla ya kuizamisha, wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito, kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena kwa tufani. Waingereza wakaiinua mwezi wa Machi 1924, nao walipoifuta ile grisi wakakuta injini na matangi ya mvuke yangali yanafaa kazi. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ikaendelea kwa mvuke uleule hadi miaka ya 1970, ilipotiwa mitambo ya dizeli. Na mwaka 1997 iliwarudisha maelfu ya wakimbizi wa Kikongo kutoka Kigoma hadi Uvira.

Nalimsimulia mjomba habari hii tukiwa tumeketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza grisi ile ilikuwa ya namna gani. Mwezi wa Mei uliofuata, kabla moteri haijang'olewa tezini, pipa lilikuwa limekwisha kukatwa, nalo limesimama uani, limejaa maji.